Akili Nyingi kwa Wanafunzi wa Sekondari: Mwongozo Kamili wa Kuzitumia Darasani Bila Kumbandika Mtu Jina

Nadharia ya akili nyingi, inayosema kwamba akili ya mtu si uwezo mmoja bali ni kadhaa, inapendwa sana na walimu, na inatumiwa vibaya sana. Mwalimu anahudhuria semina ya siku moja, anarudi na dodoso, wanafunzi wanalijaza, na kufikia Ijumaa darasa zima lina majina: huyu wa muziki, yule wa mwili, wale watatu kule nyuma wa mantiki. Wiki inayofuata wa muziki anaambiwa atunge wimbo wa jedwali la elementi, wa mwili anaambiwa aigize atomu, na mtihani ukija hakuna kati yao anayeweza kueleza kwa nini sodiamu hulipuka ikitiwa majini.

Mwongozo huu unashika njia nyingine. Umeandikwa kwa ajili ya mwalimu wa sekondari, ingawa mbele kuna sehemu ya mwanafunzi anayejisomea na neno fupi kwa mzazi. Hoja yake ni kwamba akili nyingi ni milango ya kuingilia mada, wala si mafungu ya kuwagawa wanafunzi.

Kabla ya kuanza: nadharia inasema nini, na haisemi nini

Mwaka 1904 mwanasaikolojia Mwingereza Charles Spearman alionyesha kwamba wanafunzi wanaofanya vizuri katika somo moja huelekea kufanya vizuri katika mengine pia, akahitimisha kuwa nyuma yake kuna uwezo mmoja wa jumla. Mwaka uliofuata, huko Ufaransa, Alfred Binet na Théodore Simon walitoa jaribio la kuwatambua watoto waliohitaji msaada zaidi shuleni. Kutokana na kazi za namna hiyo, watu walizoea kuiona akili kama kitu kimoja chenye kipimo kimoja.

Mwanasaikolojia Howard Gardner wa Chuo Kikuu cha Harvard alilipinga wazo hilo mwaka 1983. Alikuwa amefanya kazi na watu walioumia ubongo, akaona mtu anaweza kupoteza uwezo wa kuzungumza na bado akabaki na uwezo wake wa muziki, au akaongea vizuri huku akipotea njia asiweze kurudi. Aliweka vigezo 8 vya kuamua ni uwezo gani unastahili kuitwa akili, na akaanza na saba: ya lugha, ya mantiki na hesabu, ya maumbo na nafasi, ya mwili na mwendo, ya muziki, ya kuwaelewa watu, na ya kujielewa mwenyewe. Katikati ya miaka ya 1990 akaongeza ya nane, ya kutambua na kupanga vitu vya asili. Amewahi pia kuitafakari ile ya maswali makubwa ya maisha na kifo, lakini hajaiingiza rasmi kwenye orodha.

Sasa upande wa pili, ambao semina nyingi huuruka. Wataalamu wa upimaji wa akili wanasema baadhi ya hizo zinazoitwa akili ni vipaji tu, na kwamba zile zinazopimika bado huelekea kwenda pamoja, kama Spearman alivyosema. Zaidi ya hapo, Gardner mwenyewe ameeleza waziwazi kuwa akili nyingi si kitu kimoja na “mitindo ya kujifunza”. Lile wazo kwamba mwanafunzi wa kuona afundishwe kwa picha na wa kusikia afundishwe kwa sauti lilichunguzwa mwaka 2008 na Harold Pashler na wenzake. Hawakupata ushahidi wa kutosha wa kulitegemeza.

Kwa hiyo dodoso la semina liweke pembeni. Gardner anawahimiza walimu mambo mawili: kumjua kila mwanafunzi kadiri inavyowezekana, na kuifundisha mada ya maana kwa njia zaidi ya moja. Hayo yanatosha kubadilisha ufundishaji hata kama mjadala wa wanasaikolojia hautaisha leo.

Hatua ya kwanza: tazama kabla hujapanga

Dodoso linakupa majibu ya kile mwanafunzi anachodhani anakipenda, au anachotaka rafiki zake waone anakipenda. Macho yako yatakupa zaidi. Huwezi kutazama darasa zima kwa mpigo, kwa hiyo chagua wanafunzi watano kila wiki na utenge ukurasa mmoja wa daftari kwa kila mmoja. Andika majibu ya maswali matatu.

1. Akiachiwa achague jinsi ya kufanya kazi, anachagua nini?
2. Akikwama, anakimbilia nini? Wapo wanaochora pembeni mwa ukurasa, wapo wanaomgeukia jirani, wapo wanaorudia swali kwa sauti ya chini, na wapo wanaojaribu namba yoyote ili waone itatoa nini.
3. Anakosea vipi? Anayepata hesabu ya moja kwa moja lakini akashindwa ile iliyozungushiwa maneno ana tatizo tofauti kabisa na anayeelewa hadithi ya swali kisha akavurunda ukokotoaji.

Swali la tatu ndilo lenye faida kubwa, na ndilo linalosahaulika. Mapendeleo ya mwanafunzi yanakueleza uanzie wapi. Makosa yake yanakuonyesha pa kufanyia kazi.

Kuna mtego mmoja hapa. Mwanafunzi anayenyamaza muhula mzima anaweza kuandikwa kuwa dhaifu wa lugha, kumbe lugha ya kufundishia ndiyo iliyomzidi. Msikilize akiwasimulia wenzake kisa nje ya darasa, kwa lugha anayoimudu: anajua kusubirisha, kuiga sauti, kurudi nyuma alikosahau jambo. Huyo ana akili ya lugha tele, ila haijapata mahali pa kutokea. Vivyo hivyo kwa yule ambaye hajawahi kushika ramani au chombo cha muziki. Kutopata nafasi kunafanana sana na kutokuwa na uwezo, ukitazama kwa haraka.

Tena umri ni jambo la kuzingatia. Shughuli nyingi zinazohusishwa na nadharia hii zinafaa zaidi watoto wa msingi. Mtu wa miaka 16 ana heshima yake mbele ya wenzake. Ukimlazimisha aimbe au acheze, atajifanya mjinga kwa makusudi ili yaishe, na wewe utaandika kwamba hana akili ya muziki.

Hatua ya pili: chagua mada moja inayosumbua

Usibadilishe muhula mzima. Chukua mada moja ambayo kila mwaka wanafunzi huikosa kwenye mtihani, kisha uandike juu ya andalio la somo sentensi moja ya jambo ambalo kila mmoja anapaswa kuweza kulieleza mwishoni. Kama huwezi kuandika sentensi hiyo, mada bado ni pana mno, igawanye.

Sentensi hii ndiyo itakayozuia somo lisigeuke tamasha. Kila shughuli utakayoifikiria, iulize kama inabeba sentensi hiyo. Wimbo wa elementi 20 za kwanza unabeba majina na mpangilio, na kwa kukariri unafaa. Haubebi sababu ya elementi za safu moja kufanana tabia. Kama sababu ndiyo sentensi yako, wimbo huo haukusaidii, hata darasa likiufurahia vipi.

Hatua ya tatu: acha mada ikuchagulie milango

Hapa ndipo walimu wengi hupotea. Wanachukua akili zote 8 na kutafuta shughuli kwa kila moja, kisha wanafika Jumatano wamechoka. Milango miwili au mitatu inatosha, na anayeamua ni mada yenyewe kabla ya mwanafunzi. Mistari ya kontua inadai macho na mikono, kwa sababu kontua ni umbo la mlima lililolazwa juu ya karatasi. Shairi linadai sikio, maana mizani na vina havionekani vizuri mpaka visikike. Chanzo cha vita kinataka kuwaelewa watu: nani aliogopa nini, nani aliahidi nini. Mlinganyo wa mstari unaingilika kwa jedwali la namba, kwa grafu, na kwa kisa cha kitu kinachoongezeka kwa kiwango kilekile kila saa.

Darasa zima lipite milango yote uliyoichagua. Anayependa grafu apite pia kwenye maelezo ya maneno, na anayependa maneno achore grafu. Faida iko katika kuliona wazo lilelile kutoka pembe zaidi ya moja, na katika kujizoeza pembe isiyomfurahisha.

Hatua ya nne: mfano kamili, osmosisi kwa vipindi viwili

Osmosisi ni mada nzuri kwa kujaribia kwa sababu wanafunzi wengi huikariri bila kuielewa. Sentensi yetu: molekuli za maji hupita kwenye utando kwenda na kurudi, ila zinazoelekea upande wenye vitu vingi vilivyoyeyuka ni nyingi kuliko zinazorudi.

Mlango wa kwanza ni mikono. Andaa lita moja ya myeyusho wa sukari ya kawaida wenye moli 0.8 kwa lita: pima gramu 273.6 za sukari, iyeyushe, kisha ongeza maji mpaka ujazo wote ufike lita moja. Huhitaji kupima sukari tena. Ukichanganya sehemu sawa za myeyusho huo na maji unapata 0.4, ukirudia hivyo kwa 0.4 unapata 0.2, na sehemu tatu za myeyusho kwa moja ya maji zinakupa 0.6. Maji matupu ndiyo sifuri. Kila kundi likate vipande vya kiazi vya ukubwa mmoja visivyo na ganda, livipanguse maji ya juu, livipime, livitumbukize kwenye myeyusho wake na kusubiri angalau nusu saa. Vikikaa mpaka kesho, tofauti huonekana wazi zaidi. Kama hakuna mizani nyeti, pimeni urefu kwa milimita, halafu mvikunje kwa vidole: kimoja kitakuwa kigumu, kingine kitalegea.

Wakati viazi vinasubiri, ingieni mlango wa pili, wa mwili. Panga madawati mstari mmoja katikati ya chumba, ukiacha mapengo ya kupita mtu mmoja. Wanafunzi wengi wawe maji. Wachache wawe sukari, wawiliwawili wameshikana mikono, hivyo hawapiti kwenye pengo, nao wote wakae upande mmoja. Hesabu ya watu iwe sawa pande zote mbili, sukari ikihesabiwa humo. Kila ukipiga kofi, kila “maji” asogee hatua moja upande atakaoangukia kwa kurusha sarafu au dadu. Asiambiwe aende popote. Mwanafunzi mmoja ahesabu wanaovuka kwenda kulia, mwingine wanaovuka kwenda kushoto.

Sharti hilo la kutomwelekeza mtu ndilo moyo wa shughuli nzima. Ukisema “sasa maji nendeni upande wa sukari”, umefundisha kosa lilelile unalotaka kuliondoa, kwamba maji yana nia. Katika mchezo uliofanywa sawasawa, wanafunzi wanaona kwamba kila mtu alisogea ovyo na bado waliokwenda upande wa sukari waliwazidi waliorudi, kwa kuwa upande ule wenye maji tupu una watu wengi zaidi wa kuweza kulifikia pengo. Darasa likiwa dogo matokeo yanaweza kuyumba, basi rudieni na mjumlishe.

Mkikaa, uliza swali moja: mchezo huu umetudanganya wapi? Wape muda. Watasema molekuli ni nyingi mno kuliko sisi, hazingoji makofi, na sukari halisi nayo inatembea. Kila igizo na kila mfano huacha uongo kidogo kichwani, na njia ya kuutoa ni kuutaja. Nikilazimika kufupisha kipindi, nitakata kitu kingine chochote kabla ya swali hili.

Mlango wa tatu ni namba. Kila kundi litafute badiliko kwa asilimia: kipande kilichokuwa gramu 2.00 kikawa 2.30 kimeongezeka asilimia 15, na kilichoshuka hadi 1.70 kimepungua asilimia 15. Chora grafu moja ubaoni, badiliko dhidi ya ukolezi, yaani wingi wa sukari kwenye kila myeyusho. Mstari utaanza juu ya sifuri, ushuke na kuikata. Kwa kiazi, mara nyingi hukata karibu na moli 0.3 kwa lita. Waulize pale kwenye sifuri maji yanafanya nini. Wengi watajibu “yamesimama”, na hapo warudishe kwenye mchezo: watu walisimama, au waliovuka kwenda walilingana na waliovuka kurudi?

Dakika kumi za mwisho madaftari yafungwe. Kila mmoja aandike aya moja ya kueleza kwa nini mboga iliyonyauka hukakamaa tena ikilowekwa majini, akitumia maneno utando, ukolezi na molekuli. Hakuna wa kusamehewa kwa sababu “yeye si wa lugha”. Mtihani utakuja kwa maandishi, na kumwondolea mwanafunzi zoezi la kuandika kwa jina la kuheshimu akili yake ni kumnyima. Ukisoma aya zile utakutana na “sukari inavuta maji” na “maji yanataka kusawazisha”. Hizo ndizo utakazoanza nazo kipindi kinachofuata.

Hatua ya tano: makundi

Usiweke wanaofanana pamoja. Changanya, na kila kazi uipangie mtu kwa zamu ili mwenye mwandiko mzuri asigeuke karani wa kudumu na mwenye sauti asigeuke msemaji wa milele.

Hatua ya sita: kusahihisha kazi zenye maumbo tofauti

Mara moja kwa muhula waruhusu wachague namna ya kuonyesha walichoelewa: insha, mchoro wenye maelezo, kielelezo cha kushikika, mazungumzo ya kurekodiwa, hata wimbo kwa anayeutaka mwenyewe. Mwongozo wa kusahihishia uwe mmoja kwa wote, na waujue kabla ya kuanza. Kati ya alama 20, kwa mfano, 10 ziwe za usahihi wa wazo, 5 za ushahidi au mfano, na 5 za kueleza mahali ambapo kazi yenyewe imerahisisha mambo kupita kiasi. Uzuri wa umbo usiupe alama. Inauma kumpa 8 aliyechora bango la kupendeza, lakini bango lisiloeleza mshale unaenda wapi na kwa nini halijaonyesha kitu.

Hatua ya saba: pima baada ya wiki mbili

Darasa kuchangamka si ushahidi. Wiki mbili baadaye toa maswali matano mafupi bila kutangaza, moja wapo likiwa la mazingira mapya kabisa: kwa osmosisi, seli nyekundu ya damu ikitiwa kwenye maji matupu. Linganisha na mkondo mwingine uliofundishwa kawaida, au na majibu ya mwaka jana kama uliyahifadhi. Matokeo yakiwa yaleyale, badilisha mlango.

Jaribio hilo lenyewe linafundisha. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi matini, wengine wakairudia kuisoma, wengine wakajaribu kuikumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja waliojipima ndio waliokumbuka zaidi.

Kwa mwanafunzi anayejisomea

Usijiulize wewe ni wa akili gani. Badili umbo la ulichosoma. Ukurasa wa maneno ugeuze mchoro, mchoro ueleze kwa sauti bila kuutazama, maelezo yako yageuze maswali manne, na maswali uyajibu kesho kutwa kitabu kikiwa kimefungwa. Unapokwama katika kugeuza, hapo ndipo hujaelewa. Kusoma ukurasa uleule mara tano hakutakuonyesha mahali hapo.

Akili ya kujielewa ndiyo inayopuuzwa kuliko zote shuleni, na kuinoa hakugharimu kitu. Kabla ya kila jaribio andika alama unazotarajia, na swali unalodhani litakushinda. Karatasi ikirudi, linganisha. Anayetarajia 70 akapata 45 ana kazi mbili: mada, na ule ujasiri uliomdanganya kuwa mada ameimaliza.

Kwa mzazi

Usimchagulie mtoto tahasusi wala kazi ya maisha kwa dodoso la mtandaoni lililosema yeye ni wa muziki. Tazama anachorudia kukifanya bila kusukumwa, hata kikiwa kigumu, kisha uzungumze na mwalimu wake wa somo.

Daftari lako la mwisho wa mwaka

Zile kurasa za hatua ya kwanza zitahamia kwa mwalimu mwingine, kwa hiyo chunga unavyoandika. “Ana akili ya mwili, si wa hesabu” itamfuata kijana mpaka amalize shule. Andika alichofanya na lini: “Machi, alishindwa kueleza mteremko kwa fomula, alipopewa grafu aipimie kwa rula alipata maswali sita kati ya saba, Juni, anaanza na grafu kisha anaandika fomula mwenyewe.” Mwalimu anayefuata akipata hilo atajua pa kuanzia Jumatatu asubuhi.